Namna ya kuwalinganisha Roland Barthes na Gérard Genette: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa fasihi

Ukifungua sura ya nadharia katika tasnifu nyingi za fasihi, utayakuta majina haya mawili yamekaa pamoja ndani ya sentensi moja: wananadharia wa Ufaransa, waumini wa umuundo (nadharia inayoieleza kazi kwa muundo wake wa ndani), waasisi wa naratolojia (taaluma ya masimulizi). Sentensi hiyo si ya uongo, ila haina kazi. Haikuambii kwa nini mwanafunzi anayetumia zana za Genette hawezi kuzichanganya hivihivi na za Barthes, wala kwa nini wawili hao walisomana kwa heshima mpaka mwisho huku kila mmoja akishika njia yake.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika ulinganisho wenye nguvu, iwe ni insha ya darasani, sura ya tasnifu au makala. Njia ninayoipendekeza ni kuachana na orodha ya mfanano kushoto na tofauti kulia. Chukua swali moja ambalo wote wawili waliliuliza, kisha fuatilia kila mmoja alilijibu vipi. Swali lenyewe ni fupi: ndani ya hadithi, nani anasema?

Hatua ya 1: Panga tarehe za maandishi asilia, si za tafsiri

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika kabla haujaanza. Wengi wetu tunawasoma kwa tafsiri za Kiingereza, na tarehe za tafsiri zinapindua historia nzima. Insha ya Barthes kuhusu kifo cha mwandishi, yaani hoja kwamba maana ya matini haimtegemei aliyeiandika, hunukuliwa kama "Barthes 1977" kwa kuwa imo katika mkusanyiko wa Image-Music-Text uliotoka mwaka huo. Lakini insha hiyo ilitoka kwanza mwaka 1967, tena kwa Kiingereza, katika Aspen, jarida la Marekani lililokuwa likiuzwa ndani ya sanduku. Kifaransa chake kilifuata mwaka 1968. Ndani ya mkusanyiko huohuo imo pia insha yake ya mwaka 1966 kuhusu uchambuzi wa kimuundo wa masimulizi, inayobeba msimamo ambao baadaye aliupa kisogo. Ukiziandika zote mbili "1977" umemfanya Barthes aonekane mtu anayejipinga kwa pumzi moja.

Genette naye hunukuliwa "1980", mwaka ilipotoka tafsiri ya Narrative Discourse. Kazi yenyewe, "Discours du récit", ni sehemu kubwa ya kitabu Figures III cha mwaka 1972. Miaka minane si haba: mwaka 1972 Barthes alikuwa hai na akakiandikia kitabu hicho makala ya sifa, ila mwezi Machi 1980 alifariki, mwezi mmoja baada ya kugongwa na gari la dobi katika mtaa wa Rue des Écoles, Paris.

Basi chora mstari wako hivi. Barthes alizaliwa Cherbourg mwaka 1915, Genette Paris mwaka 1930. Mwaka 1953 Barthes anatoa Le Degré zéro de l'écriture, na mwaka 1957 Mythologies. Mwaka 1966 wote wawili wanaandika katika toleo la 8 la jarida la Communications, toleo ambalo watu huliona kama cheti cha kuzaliwa cha naratolojia. Mwaka 1970 Barthes anatoa S/Z, na Genette anaanzisha jarida la Poétique pamoja na Tzvetan Todorov na Hélène Cixous. Mwaka 1972, Figures III. Mwaka 1977 Barthes anaingia Collège de France, taasisi ya mihadhara yenye heshima kubwa mjini Paris. Mwaka 1982 Genette anatoa Palimpsestes, mwaka 1987 Seuils. Anafariki mwaka 2018.

Ukiutazama mstari huo utaona jambo ambalo vitabu vya kiada hulificha: walikutana njiani, mmoja akiwa anatoka na mwingine akiwa anaingia. Genette alipokuwa anaijenga naratolojia mwaka 1972, Barthes alikwisha kuihama.

Hatua ya 2: Taja undugu wao kwa usahihi

Usiishie kusema kwamba wote ni "wanaumuundo". Sema wanapokutana hasa.

Wote waliukataa mtindo wa chuo kikuu cha Ufaransa wa kuieleza kazi ya fasihi kwa kuchimba maisha ya mwandishi wake. Kwa Barthes jambo hili liligeuka ugomvi wa hadharani. Kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Racine, mwandishi wa tamthilia wa karne ya 17, kilimkera Raymond Picard, profesa wa chuo kikuu cha Sorbonne, ambaye mwaka 1965 alijibu kwa kijitabu kilichouita uhakiki mpya kuwa ni ulaghai. Barthes akarudisha kwa Critique et vérité mwaka 1966. Kumbuka kwamba Barthes hakuwa mtoto wa mfumo. Kifua kikuu kilimlaza miaka katika sanatoria na kumnyima nafasi ya kufanya mtihani mkuu wa ualimu ambao wasomi wa Ufaransa huupitia. Genette aliupita, akitokea École normale supérieure, chuo teule cha wasomi wa Ufaransa. Nadhani tofauti hiyo inaeleza kidogo kwa nini mmoja alipenda mapambano na mwingine alipenda utaratibu, ingawa usiifanye hoja kuu.

Wote walichukua isimu kama mwalimu wa uhakiki: kama sarufi haielezi sentensi moja tu bali uwezekano wa sentensi zote, basi nadharia ya fasihi nayo ieleze uwezekano wa masimulizi. Na wote walitenganisha anayesema ndani ya hadithi na mtu mwenye jina kwenye jalada. Barthes aliliweka wazi mwaka 1966: anayesema katika masimulizi si yule anayeandika maishani, na anayeandika si yule aliyepo. Genette angeweza kuitia sahihi kauli hiyo bila kubadili neno. Msingi ni mmoja.

Hatua ya 3: Shika kifungu kimoja, ukisome na Barthes

Ulinganisho wa nadharia bila matini ni maneno matupu. Kifungu kizuri kuliko vyote kwa kazi hii kimo katika Sarrasine, hadithi ya mwandishi Mfaransa Honoré de Balzac ya mwaka 1830, kwa sababu Barthes aliishughulikia mara mbili.

Kisa kwa ufupi: usiku wa dansi katika jumba la familia tajiri ya Lanty, mjini Paris, mwanamume asiyetajwa jina anamsimulia Madame de Rochefide siri ya mzee mmoja wa ajabu aliyemo nyumbani humo. Masimulizi yanarudi nyuma hadi Roma, mwaka 1758, ambako mchongaji kijana, Sarrasine, anampenda mwimbaji aitwaye Zambinella akidhani ni mwanamke. Zambinella ni mwanamume aliyehasiwa. Sarrasine anagundua, na anauawa. Madame de Rochefide, aliyekuwa ameahidi kulipa hadithi kwa mapenzi, anachukizwa na kuvunja ahadi.

Katikati, Sarrasine akiwa anamtazama Zambinella, Balzac anaandika sentensi inayosema kwamba huyo alikuwa mwanamke hasa, na hofu zake za ghafla, vituko vyake visivyo na sababu, ushupavu wake usio na msingi na hisia zake laini. Barthes anaifungua insha ya kifo cha mwandishi kwa sentensi hiyo na kuuliza: nani anasema hapa? Je, ni mhusika, ambaye ana faida katika kutojua? Je, ni Balzac mtu, mwenye falsafa yake kuhusu wanawake? Balzac mwandishi, anayetoa mawazo ya kifasihi kuhusu uanamke? Hekima ya watu wote? Saikolojia ya enzi ya Romantiki? Jibu lake ni kwamba haiwezekani kujua kamwe, maana uandishi ni mahali ambapo kila sauti hupotea.

Sasa fanya kazi hii kwa mkono wako: andika orodha hiyo ya wasemaji watano kwenye karatasi, kisha utafute nani hayumo. Hayumo mwanamume wa kwenye dansi! Yule anayemsimulia Madame de Rochefide kisa chote. Barthes, anayeuliza nani anasema, amemruka msimulizi.

Hakumsahau kwa kutojua. Katika S/Z, kitabu kizima alichokitoa kwenye semina zake za mwaka 1968 na 1969, anaandika vizuri sana kuhusu yule msimulizi na mapatano yake ya hadithi kwa mapenzi. Lakini katika insha ya mwaka 1967 hakumhitaji. Alichokuwa anakitafuta si mtu wa kumbandika sentensi, bali sauti za jamii zinazopita ndani yake.

Hatua ya 4: Sasa usome kifungu hichohicho kwa zana za Genette

Genette hakuiandikia sentensi hii uchambuzi kama wa Barthes. Hapa ni wewe unayechukua zana za mwaka 1972 na kuzitumia. Sema hivyo wazi kwenye kazi yako, usije ukamnukuu kwa alichokuwa hajakisema.

Kwanza, ngazi. Hadithi ya Roma iko ndani ya hadithi ya dansi, kwa hiyo msimulizi wake ni mhusika wa hadithi ya nje. Pili, uhusiano wa msimulizi na kisa. Katika usiku wa dansi yumo kama mhusika. Katika kisa cha Roma hayumo. Tatu, na hapa ndipo Genette alipowaamsha wengi: tenga swali la "nani anasema?" na swali la "nani anaona?". La kwanza aliliweka chini ya sauti, la pili chini ya hali ya usimulizi. Anayesema ni mwanamume wa kwenye dansi, ambaye anaujua ukweli wa Zambinella tangu mwanzo. Anayeona ni Sarrasine, ambaye haujui. Sentensi ya "alikuwa mwanamke hasa" inatoka kinywani mwa mmoja kupitia macho ya mwingine. Nne, anayesimuliwa: Madame de Rochefide, mwanamke, anasikiliza maelezo ya mwanamke ni nini, yakitumika kumwelezea asiye mwanamke.

Hili ni somo muhimu kwetu tuliofundishwa kusema "msimulizi wa nafsi ya kwanza" na "msimulizi maizi" kama vile ni vitu vya rafu moja. Nafsi hujibu nani anasema. Umaizi hujibu kiasi gani cha habari kinapita, na kupitia kwa nani. Msimulizi anaweza kuwa "mimi" na bado akafunga mtazamo kwa mtu mwingine, kama hapa. Genette mwenyewe aliirekebisha kauli yake katika Nouveau discours du récit ya mwaka 1983, akasema afadhali kuuliza nani anahisi, kwa kuwa mtu husikia na kunusa pia, haoni tu. Ukitumia nadharia yake, tumia na marekebisho hayo.

Je, Genette amemshinda Barthes? Kwa nusu. Jedwali lake linamweka kila msemaji kwenye kiti chake, na orodha ya Barthes inaonekana imefanywa haraka. Lakini jedwali hilo halina kiti cha ile "hekima ya watu wote". Wazo kwamba wanawake huogopa bila sababu halikubuniwa na yule mwanamume wa kwenye dansi, wala na Sarrasine. Lilikuwa likizunguka Paris ya wakati ule, na Sarrasine anaangamia kwa sababu ameliamini. Hilo Barthes ana zana ya kulishika: msimbo wa utamaduni, mmojawapo wa misimbo mitano ya S/Z, yaani njia tano ambazo maana hupita ndani ya matini. Mingine ni wa fumbo, wa matendo, wa sifa na wa ishara. Aya ya kiini ya ulinganisho wako iandikwe hapa, katika tofauti kati ya kumpata msemaji na kupata asili ya yanayosemwa.

Hatua ya 5: Eleza kwa nini Barthes aliondoka

Rudi mwaka 1966. Barthes wa mwaka huo alitaka mfano mmoja utakaozieleza hadithi zote za dunia: alitofautisha matukio ya msingi na ya kujazia, dalili na taarifa, akapanga ngazi za kazi, matendo na usimulizi. Miaka minne baadaye S/Z inafunguka kwa kejeli dhidi ya ndoto hiyohiyo. Anawataja Wabudha wanaosemekana kuweza kuona mandhari nzima ndani ya punje ya haragwe, kisha anasema wachambuzi wa kwanza wa masimulizi walitaka vivyo hivyo kuziona hadithi zote ndani ya muundo mmoja. Kazi ya kuchosha, asema, na isiyopendeza, kwa kuwa matini hupoteza upekee wake. Mmoja wa wachambuzi hao wa kwanza alikuwa yeye.

Ndipo anaikata Sarrasine vipande 561, anavyoviita leksia, vingine vya neno moja, vingine vya sentensi kadhaa, na kuvisoma kimoja baada ya kingine. Kipande cha kwanza ni kichwa chenyewe. Jina "Sarrasine" linaibua fumbo (nani huyo, au nini hicho?), na herufi ya mwisho inanukia uanamke kwa sikio la Mfaransa. Kabla hadithi haijaanza, misimbo miwili inafanya kazi. Jaribu zoezi hili kwa hadithi fupi unayoipenda, aya ya kwanza tu, na utaelewa S/Z kuliko kwa kusoma muhtasari wowote.

Genette hakuihama ndoto, aliipunguza. Hakutafuta muundo mmoja wa hadithi zote. Alitafuta orodha ya uwezekano: hadithi inaweza kupanga wakati wake vipi, inaweza kukimbia au kusimama wapi, inaweza kusimulia mara ngapi jambo lililotokea mara moja. Ndiyo maana zana zake zinahamishika. Kisengere nyuma na kisengere mbele tunavyovifundisha shuleni vinaingia vizuri katika sura yake ya mpangilio, ila yeye anakwenda mbali zaidi: anauliza umbali wa kurudi nyuma na urefu wa muda unaofunikwa.

Hatua ya 6: Wapeleke wote wawili kwa Proust

Kama una nafasi ya mfano wa pili, usihangaike. Marcel Proust, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, aliwagusa wote.

Genette aliifanya riwaya ya À la recherche du temps perdu kuwa shamba la majaribio la "Discours du récit". Kwa ujasiri wa kuchekesha kidogo, alisema riwaya hiyo ya juzuu saba ni upanuzi wa sentensi moja: Marcel (msimulizi na mhusika wake mkuu) anakuwa mwandishi. Halafu akaonyesha namna Proust anavyovunja kila kanuni. Mfano wa kukumbuka ni kifo cha Bergotte, mhusika aliye mwandishi, mbele ya picha ya mchoraji Vermeer. Tunapewa mawazo yake ya mwisho, ambayo Marcel hakuwa na njia ya kuyajua wala Bergotte hakuwa na muda wa kumwambia mtu. Genette hasemi ni kosa. Anasema habari iliyotolewa imezidi mtazamo uliochaguliwa, na jambo hilo analipa jina. Vilevile alionyesha kwamba Combray, sehemu ya mwanzo ya riwaya hiyo, imesimuliwa kwa namna ya mazoea: si kilichotokea siku moja, bali kilichokuwa kikitokea kila Jumapili. Kiswahili kinalibeba hilo kwa "hu-" na kwa "alikuwa aki-", kwa hiyo ukisoma hadithi ya Kiswahili tazama viambishi hivyo vinapoanza na vinapokoma.

Barthes, mnamo Oktoba 1978, alitoa mhadhara Collège de France na kuupa jina la sentensi ya kwanza ya riwaya hiyo. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hakuchambua sauti wala mtazamo. Alisema anajifananisha na Proust, si mwandishi mkubwa mwenye sanamu bali mfanyakazi aliyehangaika kati ya insha na riwaya mpaka akapata njia, na kwamba yeye mwenyewe anatamani kuandika kitu kipya. Mtu aliyemuua mwandishi mwaka 1967 amesimama mbele ya watu akimtafuta mwandishi wa kumshika mkono.

Hatua ya 7: Fuatilia mwandishi anavyorudi

Hapa usikae sana, ila usiruke. Mwandishi aliyetolewa mlangoni na Barthes anarudi kwa Genette kupitia jalada. Seuils ya mwaka 1987 (kichwa kinachocheza na jina la mchapishaji wao wote wawili, Éditions du Seuil) inachunguza vizingiti vya kitabu: jina la mwandishi, kichwa, wakfu, dibaji, hata mahojiano na barua nje ya kitabu. Genette aliviita kwa pamoja parateksti, akashikilia kwamba kazi yake ni kuitumikia nia ya mwandishi na washirika wake. Haipingi hoja ya Barthes moja kwa moja; anauliza swali jingine, namna kitabu kinavyomfikia msomaji sokoni na mkononi.

Na Barthes hakubaki alipokuwa. Katika Le Plaisir du texte ya mwaka 1973 anakiri kwamba anamtamani mwandishi ndani ya matini. Mwaka 1975 alijiandikia kitabu kuhusu yeye mwenyewe, kwa vipande vifupi vilivyokaribia kufuata alfabeti. Mwaka 2006 Genette mpenda majedwali alitoa Bardadrac, kitabu cha kumbukumbu, mizaha na maneno, kilichopangwa kwa alfabeti. Sehemu hii watu wengi huiacha, nami naona ndiyo inayofanya undugu wao uwe wa kweli: yule wa mfumo alifika kwenye vipande miaka zaidi ya thelathini baada ya mwenzake.

Hatua ya 8: Andika

Soma kwanza kwa mpangilio huu: insha ya kifo cha mwandishi, kurasa chache tu, Sarrasine yenyewe, ambayo S/Z imeiambatisha mwishoni, kurasa za mwanzo za S/Z pamoja na leksia kama ishirini, kisha sura ya nne na ya tano za "Discours du récit", yaani hali na sauti. Sura tatu za mwanzo, za mpangilio, muda na idadi, zinaweza kusubiri.

Halafu andika hoja yako kuu kwa sentensi inayoweza kupingwa. "Barthes na Genette wana mfanano na tofauti" haipingiki, kwa hiyo haifai. Jaribu mfano huu: Barthes na Genette wanauliza swali moja kuhusu sauti, lakini Genette analijibu kwa kumtafuta msemaji na Barthes kwa kutafuta asili ya yanayosemwa, na hadithi yenye msimulizi mjanja inawahitaji wote wawili. Msimamizi wako anaweza kubishana nayo, na hilo ndilo unalolitaka.

Makosa ya kuepuka ni machache. Usiandike kwamba Genette alikuwa mwanafunzi aliyeendeleza kazi ya Barthes. Waliandika bega kwa bega katika Communications, na mwaka 1966 Genette alikwisha kuwa na kitabu chake, Figures, ambamo anamchambua Barthes mwenyewe. Usiandike kwamba kwa Barthes mwandishi hana maana bila kutaja 1973 na 1978. Usitumie "msimulizi" na "mtazamo" kama visawe. Na ukiazima istilahi ya mmoja kuchambua matini, maliza nayo aya nzima kabla ya kumwita mwingine: leksia na misimbo ni za kusoma matini moja hadi chini, hali na sauti ni za kuilinganisha na nyingine. Ukizichanganya katika aya moja, msomaji hatajua unapima nini.

Ukibanwa na idadi ya maneno, punguza hatua ya pili na ya saba. Hatua ya tatu na ya nne ziache kama zilivyo, na sentensi ya Balzac uinukuu yote.